Kulaza ukurasa mmoja au hati nzima: Google Docs na Word ya mtandaoni

Mzee aliingia dukani kwangu hapa Mbuyuni, Moshi, asubuhi ya Jumanne, bahasha ya kaki kwapani. Ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko mlimani, na mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa Alhamisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii taarifa imenishinda. Mjukuu kaiandika vizuri, lakini ukurasa wa saba hausomeki."

Nikaifungua. Kurasa kumi na moja, zote zimesimama, zimeandikwa kwenye Google Docs. Ukurasa wa saba ulikuwa na jedwali la kolamu tisa: namba, jina, kijiji, kilo, daraja, malipo ya kwanza, makato, malipo ya pili, sahihi. Karatasi ya A4 iliyosimama ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, inabaki 15.92. Gawanya kwa tisa, kila kolamu inapata chini ya sentimita 1.8. Majina ya watu yalikuwa yamevunjwa vipande vitatu vitatu, na pale pa kuweka sahihi hapakutosha hata herufi mbili.

"Basi laza zote," akasema.

"Tukilaza zote, mzee, na barua ya mwenyekiti italala, na muhtasari wa mkutano uliopita nao utalala."

Akafikiri kidogo. "Basi laza huo mmoja."

Mazungumzo ya namna hii nayafanya karibu kila wiki, na wanafunzi wanaorudi kutoka field, na makatibu wa vikoba, na kamati za harusi. Wengi hunianza na swali la programu ipi ni nzuri, Google Docs au Word ya mtandaoni. Mimi huwauliza kwanza wanataka kulaza nini, hati nzima au ukurasa mmoja katikati ya zilizosimama, kwa sababu jibu linabadilika kabisa kutegemea hapo. Kisha nawauliza hati hiyo itafunguliwa na nani baada yao.

Nitatumia maneno wima na mlalo, au kusimama na kulala, kwa kile ambacho dukani wengi wanakiita potreti na landskepu. Majina ya menyu nayaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi za hapa, ili usome huku unabofya.

Hati nzima: tumia uliyoizoea

Hapa hakuna haja ya kubishana. Kwenye Google Docs unakwenda File, kisha Page setup, chini ya Orientation unachagua Landscape, unabofya OK. Kwenye Word ya mtandaoni unakwenda Layout, unabofya Orientation, unachagua Landscape. Word ina hatua moja pungufu, basi. Kama kazi yako ni cheti, tangazo la ukutani au orodha ya mahudhurio ambayo kila ukurasa wake ni jedwali, programu yoyote kati ya hizi itakufaa, na zote mbili ni za bure ukiwa na akaunti.

Neno moja la tahadhari: kwenye dirisha la Page setup la Docs kuna kitufe cha Set as default. Ukikibofya, kila hati mpya ya akaunti hiyo itaanza imelala. Kwenye akaunti ya ofisi inayotumiwa na watu watatu, kitufe hicho kiache.

Ukurasa mmoja: hapa ndipo zinapoachana

Hadi mwaka 2020 Google Docs haikuweza kuchanganya kurasa za wima na za mlalo katika hati moja. Hapa dukani tulikuwa tunachapa hati mbili na kuziunganisha kwa mkono, na namba ya ukurasa uliolala inaandikwa kwa kalamu. Mwaka huo uwezo wa kugeuza sehemu tu ukaletwa, na kwa mtu asiye na programu yoyote iliyosakinishwa, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu.

Unafanya hivi. Teua jedwali lote, na uteue pamoja nalo kichwa chake kilichoandikwa juu yake. Watu wengi wanasahau kichwa, kinabaki peke yake chini ya ukurasa uliosimama na jedwali linakwenda kulala bila jina. Ukishateua, fungua File, Page setup. Kwenye Apply to chagua Selected content, kisha Landscape, kisha OK. Docs yenyewe inaweka mkato wa sehemu (section break, alama inayotenganisha sehemu moja ya hati na nyingine) kabla ya jedwali na mwingine baada yake. Ukitaka kuiona mikato hiyo kwa macho, nenda View na uwashe Show non-printing characters.

Ipo na njia ya mkono, na kwa hati ndefu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu najua kila mkato nimeuweka wapi. Weka kasa (kile kimstari kinachomweka pale unapoandika) kabla ya jedwali, nenda Insert, Break, chagua Section break ya next page. Rudia baada ya jedwali. Kisha weka kasa ndani ya sehemu ya katikati, fungua Page setup, chagua This section kwenye Apply to, na ulaze. Mkato wa aina ya continuous usiutumie kwa kazi hii. Wenyewe ni wa kubadilisha mambo ndani ya ukurasa uleule, kama idadi ya kolamu za maandishi, na karatasi moja haiwezi kusimama na kulala kwa wakati mmoja.

Sasa Word ya mtandaoni. Aliyefundishwa Word ya kwenye kompyuta anajua njia nyepesi: unateua jedwali, unakwenda Layout, unabofya ule mshale mdogo pembeni mwa Page Setup, unachagua Landscape, na kwenye Apply to unaweka Selected text. Njia hiyo ni ya Word iliyosakinishwa, na hakika ni nzuri. Ukiizoea huko halafu ukafungua Word kwenye kivinjari, usitegemee kukuta kila kitu pale ulipokiacha. Toleo la kivinjari lina vipengele vichache zaidi. Angalia Layout: kama kuna Breaks yenye Section Breaks, weka Next Page kabla na baada ya jedwali, weka kasa katikati, ndipo ubofye Orientation. Kama hakuna, usibofye Orientation ukitumaini itageuza ukurasa mmoja, maana itageuza hati yote. Hapo fungua faili kwenye Word iliyosakinishwa, laza sehemu yako, hifadhi, kisha urudi kwenye kivinjari ukiendelea kuandika. Hati iliyokwisha kuchanganywa namna hiyo Word ya mtandaoni inaiheshimu, ukurasa uliolala unabaki umelala.

Kwa kipengele hiki peke yake nampa Docs ushindi bila kusita. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kuazima na kivinjari tu anaanza na kumaliza humohumo.

Mkato ukifutwa

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowaliza watu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Katika Word, mpangilio wa kila sehemu umehifadhiwa kwenye mkato ulio mwisho wa sehemu hiyo. Ukiufuta mkato, maandishi yaliyokuwa kabla yake yanarithi mpangilio wa sehemu inayofuata. Chukua taarifa ya mzee: kurasa sita zimesimama, wa saba umelala, zilizobaki zimesimama. Ukifuta mkato uliopo kati ya ukurasa wa sita na wa saba, kurasa zote sita za mwanzo zinalala, barua ya mwenyekiti ikiwemo. Ukifuta ule wa baada ya jedwali, jedwali linasimama tena na kolamu zake zinabanana kama mwanzo. Aliyefanya hivyo anaona hati imeharibika bila sababu, kumbe alibonyeza Backspace mara moja zaidi akitaka kuondoa nafasi tupu.

Dawa ni kutendua, Ctrl na Z, kabla hujafanya jambo jingine lolote. Na kabla ya kuanza kusafisha nafasi tupu karibu na ukurasa uliolala, onyesha kwanza alama zisizochapwa ili ujue unachofuta ni nini.

Namba za kurasa nazo zina mambo yake. Sehemu mpya inafuata kijachini (footer, yale maandishi ya chini ya kila ukurasa) cha sehemu iliyotangulia kupitia Link to previous, iwe Docs au Word. Kama namba yako umeipanga kulia kwa kitufe cha kupanga maandishi, itasogea yenyewe hadi ukingo mpya wa ukurasa uliolala. Kama uliisukuma kulia kwa tabo au kwa kubonyeza nafasi mara arobaini, itabaki inaning'inia katikati. Panga kwa kitufe.

Kulaza peke yake hakutoshi

Ukishalaza A4 yenye pambizo zilezile, upana wa kuandikia unatoka sentimita 15.92 hadi 24.62. Umeongeza sentimita 8.7. Lakini urefu umebadilishana nao: ulikuwa na sentimita 24.62 za kushuka, sasa una 15.92. Jedwali lililoenea ukurasa mmoja uliosimama linaweza kumwagikia ukurasa wa pili uliolala. Kwa hiyo kabla hujachapa, hakikisha mstari wa vichwa vya kolamu unajirudia: kwenye Docs bofya kulia juu ya mstari huo uchague amri inayoanza na Pin header, na kwenye Word iliyosakinishwa ni Repeat Header Rows. Mkulima anayetafuta jina lake kwenye ukurasa wa pili asilazimike kurudi wa kwanza kujua kolamu ipi ni makato.

Tena jedwali la Docs halitanuki kwa sababu tu karatasi imelala. Vuta ukingo wa kulia hadi kwenye pambizo, ndipo ugawe nafasi. Ipo Distribute columns ukibofya kulia, inazipa kolamu zote upana sawa, lakini mimi siipendi kwa orodha za watu. Kolamu ya namba haihitaji nafasi sawa na ya jina. Kwa mzee niligawa hivi: namba sentimita 1.2, jina 5.5, kijiji 3, kilo 2, daraja 1.7, malipo ya kwanza 2.6, makato 2.4, malipo ya pili 2.6, sahihi 3.5. Jumla 24.5, na kila jina likakaa mstari mmoja. Word iliyosakinishwa ina AutoFit Window inayolitanua jedwali kwa bofyo moja, na hapo inaokoa muda kweli.

Na kabla ya yote jiulize kama jedwali linastahili kulazwa. Mara nyingi nimefuta kolamu moja isiyo na kazi, au nimeunganisha mbili, na ukurasa ukasimama vizuri pamoja na wenzake. Msomaji hapendi kugeuza kitabu.

Karatasi iliyo mashineni ni A4

Akaunti nyingi zinafunguliwa kwa Kiingereza cha Marekani, na hati zake zinaanza kwa karatasi ya Letter. Letter ina sentimita 21.59 kwa 27.94. A4 ina 21 kwa 29.7. Ukizilaza, Letter ni fupi kwa sentimita 1.76 upande wa mapana, na ni ndefu kidogo kwa kimo. Hati ikisimama tofauti hiyo haionekani sana. Ikilala na jedwali limejaa hadi pambizoni, mashine inapunguza ukubwa wa maandishi ili yaenee, au inakula ukingo wa chini. Madukani hapa hatuuzi Letter. Kwenye Docs badilisha Paper size ndani ya Page setup, kwenye Word ni Layout kisha Size. Fanya hivyo kabla ya kupanga jedwali, la sivyo utapanga mara mbili.

Kama Orientation haionekani kabisa kwenye Docs, hati yako haina kurasa. Mwaka 2022 Google iliongeza muundo unaoitwa Pageless, ambamo maandishi yanatiririka bila mipaka, na humo hakuna wima wala mlalo, hakuna kijachini, hakuna kolamu. Ni mzuri kwa kusoma kwenye kioo. Kwa kuchapa, fungua Page setup urudi upande wa Pages, na machaguo yote yatarejea.

Ukiwa na simu tu

Kwenye programu ya simu ya Docs, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, kisha Page setup, kisha Orientation. Kwenye Word ya simu, fungua menyu ya chini, nenda Layout, kisha Orientation, ingawa huenda ikakudai usajili wa kulipia. Zote mbili zinafanya vizuri kazi ya kulaza hati nzima, na Word ya simu ina faida ya kufanya kazi na faili lililomo ndani ya simu bila bando. Kuchanganya wima na mlalo kwa kidole kwenye kioo kidogo sikushauri. Andika kwenye simu, njoo ulaze kwenye kompyuta. Ni dakika tano.

Kuhusu bando na umeme kwa ujumla: Docs inaweza kufanya kazi bila mtandao kwenye Chrome au Edge, mradi uliwasha offline wakati mtandao upo. Word ya kivinjari inataka mtandao muda wote. Nafasi ya kuhifadhi, Google anatoa GB 15 bure na Microsoft GB 5, lakini hati za maandishi ni nyepesi kiasi kwamba hesabu hiyo haina uzito hapa.

Hati itakwenda kwa nani

Binti wa dada yangu yuko Arusha, anaandaa ratiba za wapanda mlima kwenye kampuni ya utalii. Hati yake ina kurasa mbili za maelezo zilizosimama, na ukurasa mmoja uliolala wenye jedwali la siku: Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu, kilele cha Uhuru mita 5,895, kisha kushuka Mweka. Kila siku ina kolamu ya mwinuko, saa za kutembea, chakula, na anachopaswa kubeba mgeni. Aliniuliza ahamie Docs au abaki na Word ya mtandaoni ambayo ofisi yao inaitumia.

Nilimwambia, "Baki huko mama, lakini tengenezeni kiolezo." Siku moja tu mtu mwenye Word iliyosakinishwa analaza ukurasa wa jedwali, anaweka pambizo, anafunga vichwa vya kolamu. Kuanzia hapo kila siku wanafungua nakala kwenye kivinjari na kubadilisha majina na tarehe, bila kugusa Orientation tena. Upungufu wa Word ya mtandaoni katika kulaza ukurasa mmoja unaisha nguvu ukishautatua mara moja. Na kwa kuwa wenzake wote wamezoea Word na mawakala wanawarudishia faili za docx, yaani za Word, kuhamia Docs kungewaongezea kazi ya kubadilisha faili kila mara.

Mwanafunzi anayeandika ripoti na wenzake wanne, kila mmoja na simu yake au kompyuta ya maktaba, namshauri Docs, na siku ya mwisho apakue docx na kuifungua kwenye Word kabla ya kuituma, ikiwa msimamizi anataka Word. Aangalie kurasa zilizolala, vijachini, na upana wa majedwali, maana hapo ndipo mabadiliko madogo hujificha. Ikiwa kinachotakiwa ni kusoma au kuchapa tu, atume PDF. Kwenye PDF kila ukurasa unabeba mwelekeo wake mwenyewe, aliyesimama amesimama na aliyelala amelala, hata ifunguliwe kwa simu gani. Wateja wanaonitumia hati kwa WhatsApp nawaomba PDF kila siku, na wanaonisikiliza wanaondoka mapema.

Kama mtandao kwako ni wa kubahatisha na huna Word ya kulipia, ipo LibreOffice Writer, ya bure, inayokaa ndani ya kompyuta. Yenyewe hulaza ukurasa kwa mitindo ya kurasa: unaingiza mkato wa ukurasa na kuupa mtindo wa Landscape, kisha mkato mwingine wa kurudi kwenye mtindo wa kawaida. Inataka mazoea, lakini ni imara.

Ratiba ya kukunja

Desemba ikifika Kilimanjaro watu wanarudi nyumbani, na duka langu linajaa kipaimara na harusi. Kila familia inataka kijitabu cha ratiba, A4 iliyokunjwa katikati. Hiyo ni kazi ya mlalo kwa hati nzima, na kwa hiyo nachagua Docs, kwa sababu vijana wa familia wanaweza kuingia kusahihisha majina ya wazazi wa ubatizo kutoka walipo, na mimi naona papo hapo.

A4 iliundwa ikiwa na uwiano wa pande unaoiwezesha kukunjwa katikati na kutoa A5 ya umbo lilelile. Laza hati, nenda Format, Columns, chagua mbili. Weka pambizo za kushoto na kulia sentimita 1.5 na nafasi kati ya kolamu sentimita 3, kwa sababu ile nafasi ya katikati itagawanywa na mkunjo, kila upande upate 1.5 yake. Kila kolamu inabaki na 11.85, inatosha wimbo wa kitabuni bila kuvunja mstari ovyo.

Mpangilio wa kurasa ndio unaowachanganya. Ukurasa wa kwanza wa hati, kolamu ya kushoto ni mgongo wa kijitabu, yaani ukurasa wa nne, na ya kulia ni jalada lenye picha ya mtoto. Ukurasa wa pili wa hati ni ndani: kushoto wa pili, kulia wa tatu. Ruka kutoka kolamu hadi kolamu kwa Insert, Break, Column break, usibonyeze Enter mpaka ufike. Wakati wa kuchapa pande mbili chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukichagua ukingo mrefu, jalada litakuwa sawa na ndani kutakuwa kichwa chini. Chapa moja kwanza, ikunje, isome, ndipo uchape mia mbili.

Kwa taarifa ya mchanganyiko kama ya mzee ni kinyume chake: kurasa nyingi zimesimama, kwa hiyo geuza kwa ukingo mrefu.

Basi unichagulie

Huna Word iliyosakinishwa na una jedwali pana katikati ya kurasa za kawaida: Google Docs. Ofisi yenu inaishi kwenye docx na kuna kompyuta hata moja yenye Word kamili: tengeneza kiolezo huko, endeleeni na Word ya mtandaoni. Una simu tu na hati nzima inalala: yoyote, ila Word ya simu kama bando limeisha. Mnaandika watu watano kwa pamoja na kila mmoja ana akaunti ya Gmail: Docs. Mengine yote yaliyobaki ni mazoea ya vidole, na mazoea yana thamani yake, usiyadharau kwa sababu mtu mwingine amekusifia programu yake.

Taarifa ya mzee tuliimaliza kwenye Docs, kwa sababu ilizaliwa humo na mjukuu wake, aliyekuwa Dar, alikuwa anasahihisha kilo za wanachama wawili wakati mimi napanga kolamu. Nilipakua PDF, nikachapa upande mmoja, nikaibana kwa ond, yaani spiral. Ukurasa wa saba niliuweka sehemu ya juu ya jedwali ikiwa upande wa ond, ili msomaji akigeuza kitabu kufuata mwendo wa saa, jedwali limtazame sawasawa. Ukibana kinyume, anayesoma atageuza upande usio wake na kurasa zitamwangukia.

Mzee aligeuza, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina moja baada ya jingine hadi chini.

"Wote wamo," akasema. "Na jina la mama huyu limetoka lote. Mwaka jana lilikatika, akaniuliza mbele ya mkutano kama pesa zake nazo zimekatika."

Akaagiza nakala sitini, na ukurasa wa saba mmoja wa ziada usiobanwa, wa kubandika ukutani pale ghalani.